Cinque Terre (Italia) kwa siku mbili kutokea Genova: nianzie kijiji kipi, nitembee au nipande treni?

MpwaniWaShangani

Wana Kuchele, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni.

Niko Mtwara mjini. Mwezi wa tano nakwenda Genova kwa mafunzo ya wiki tatu ya shughuli za bandari. Viza tayari, malazi ya Genova tayari. Kuna Jumamosi moja na Jumapili yake niko huru, nataka nizitumie kuviona vile vijiji vitano vya rangi rangi vilivyoning'inia kwenye majabali juu ya bahari.

Naomba msaada wa wanaopajua. Vitano kwa siku mbili vinawezekana bila kukimbizana? Ninunue kadi ya siku au tiketi moja moja? Boti zipo na ni za kutegemea? Njia ya mguu ni ngumu kiasi gani kwa mtu aliyezoea tambarare? Mimi ni Mwislamu, vipi kuhusu chakula? Msiniambie "pazuri sana", picha nimeshaziona. Nataka mambo ya kufanyia kazi.

Baharia_Mstaafu

Marahaba. Kwanza uweke kichwani mpangilio wa vituo, maana wengi hupotelea hapo. Ukitoka Genova kuelekea kusini-mashariki, treni inafika Levanto, halafu Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola, Riomaggiore, mwisho La Spezia. Levanto na La Spezia hazimo kwenye vile vitano, ni miji ya huku na huku inayovibana katikati. Matamshi, ili usikie tangazo ndani ya treni: Vernatsa, Kornilya, Riomajore. Jina lenyewe, Chinkwe Tere, maana yake ni Ardhi Tano.

Vitano vinawezekana, ila usivifanye hesabu ya kutimiza. Kutoka kijiji hadi kijiji treni hutumia dakika mbili hadi tano, karibu njia yote ikiwa ndani ya mahandaki. Hapo ndipo watu wanapodanganyika, wanaona dakika tatu tatu wakasema vijiji vitano ni kazi ya asubuhi moja. Muda unaliwa na kusubiri treni, kujipenyeza kwenye jukwaa lililofurika, kutoka stesheni hadi kijijini, na ngazi. Kwa kila kijiji weka saa moja na nusu bila kula. Chini ya hapo utakuwa umeona stesheni.

Jumamosi ondoka Genova na treni ya mapema hadi Levanto, ni kama saa moja na nusu kwa treni ya mkoa. Lala Levanto usiku huo, kwa hiyo begi liache kwenye nyumba ya kulala wageni kabla ya kitu kingine chochote. Begi la magurudumu na vijiji vile haviendani: ni ngazi za mawe na vichochoro. Kisha panda treni kituo kimoja hadi Monterosso, utembee kwa mguu hadi Vernazza.

Kipande hicho ni kilomita tatu na nusu hivi, mtu wa kawaida anatumia saa mbili. Ugumu wake uko mwanzoni: ukitoka Monterosso unakutana na ngazi za mawe mfululizo, za kupanda tu, zisizolingana kimo, na hapo ndipo watu wanapomaliza maji yao. Beba lita moja na nusu. Ukishazimaliza njia inajikunja kwenye matuta ya mizabibu na mizeituni, sehemu nyingine nyembamba kiasi kwamba wawili wakikutana mmoja anaegemea ukuta. Mwishoni, ukianza kuteremka, Vernazza inatokea chini yako na mnara wake na kibandari chake. Ile picha uliyoiona mtandaoni mara mia imepigwa kwenye kona hiyo. Ndiyo sababu uanzie Monterosso, usianzie Vernazza. Zaidi ya hapo, baadhi ya siku za msongamano majira ya kuchipua hifadhi ya taifa inayosimamia njia hizo huifanya njia hii kuwa ya uelekeo mmoja, Monterosso kwenda Vernazza, na anayetokea upande wa pili anarudishwa.

Viatu: kandambili na soli laini haziruhusiwi kwenye njia za mguu. Faini inaanzia euro 50 na inaweza kufika 2,500. Si ukali wa bure. Mawe yale yamesuguliwa na miguu ya watu kwa karne nyingi, yakilowa yanateleza kama sabuni, na kumtoa mtu aliyevunjika mguu pale ni kazi ya kikosi cha uokoaji. Raba yenye meno chini inatosha, si lazima buti la mlimani.

Jumapili nenda moja kwa moja hadi mwisho, Riomaggiore, uwe umefika kabla ya saa tatu asubuhi. Kutoka hapo kuna Via dell'Amore, Njia ya Mapenzi, inayokwenda Manarola. Haifiki kilomita moja, imechongwa ubavuni mwa jabali na ni tambarare, hata mzee anaimudu. Ilifungwa mwaka 2012 baada ya mawe kuporomoka na kujeruhi watalii, ikafunguliwa tena kwa wageni mwaka 2024. Sasa unaingia kwa kuhifadhi nafasi ya saa maalumu mtandaoni, kwa uelekeo mmoja, Riomaggiore kwenda Manarola. Ukifika bila nafasi utaishia kuitazama getini.

Manarola kula, kaa, angalia mashua. Halafu rudi kwa boti hadi Monterosso ili uvione vijiji kutoka baharini, na hapo Corniglia utaipita ukiitazama juu.

Nimeiacha Corniglia kwa makusudi. Iko kama mita mia moja juu ya bahari na haina gati, boti haisimami. Kutoka stesheni unapanda ngazi ziitwazo Lardarina, vipandio 382 katika mikunjo 33. Kipo kibasi cha hifadhi kinachopanda, lakini ni kidogo na kinajaa haraka, na treni ikishusha watu mia mbili utasubiri zamu mbili au tatu. Kijiji chenyewe kimetulia kuliko vyote, kwa sababu ngazi zimechuja watu. Ukiwa na nguvu Jumapili jioni, panda. Ukiwa huna, hujapoteza kitu.

Hesabu_za_Korosho

Mkuu hapo juu amemaliza ramani, mimi nakuja na pesa. Bei hubadilika kila msimu, zitazame upya wiki moja kabla.

Treni ya vijiji inaitwa Cinque Terre Express, inakwenda na kurudi kati ya Levanto na La Spezia na kusimama kote. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba nauli yake inafuata kalenda: siku tulivu, siku ya kati, siku ya msongamano. Safari moja, hata ya kituo kimoja, inakwenda kati ya euro 5 na 10. Jumamosi za Mei usitegemee ile ya chini.

Kadi ziko mbili. Ya kwanza ni ya njia za mguu, haina treni, inaanzia euro 7.50 na siku za msongamano inafika 15. Ya pili ina njia za mguu, treni zisizo na idadi kati ya Levanto na La Spezia, kibasi cha Corniglia na vyoo vya stesheni, na bei yake inacheza kati ya euro 19 na 33 kwa siku. Sasa piga hesabu siku ya kati, safari ikiwa euro 8. Safari mbili na kadi ya mguu ya 7.50 ni 23.50, na kadi kubwa siku hiyo ni kama 27. Bado tiketi moja moja inashinda. Ukiongeza safari ya tatu umefika 31.50, kadi kubwa imeshinda. Kwa hiyo Jumamosi yako ya safari mbili na kutembea iko mpakani. Jumapili, ukitaka kuipanda Corniglia, chukua kadi kubwa. Via dell'Amore ina malipo yake ya euro 10 juu ya kadi.

Makosa yanayowapiga watu faini: kadi haifiki Genova. Genova hadi Levanto ni tiketi nyingine kabisa. Pia kadi haitumiki kwenye treni za Intercity, zile za masafa marefu, ingawa zinapita reli ileile na baadhi zinasimama Monterosso. Ukiona treni nzuri yenye viti laini imesimama, soma ubao kwanza. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye mashine iliyoko jukwaani kabla ya kupanda, vinginevyo mkaguzi anaihesabu kama hukulipa. Kadi ya karatasi nayo uandike jina lako juu yake. Ukinunua tiketi ya treni ya mkoa kwa simu, kununua pekee hakutoshi, kuna kitufe cha kuithibitisha safari ukishafika stesheni.

Halafu saa. Ratiba zao ni za saa 24. 14:35 ni saa nane na dakika 35 mchana kwetu. Tena mwezi Mei Italia iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo simu ibadilishe ukitua. Katikati ya Mei jua huko linazama kama saa tatu kasorobo usiku, si saa kumi na mbili na dakika chache jioni kama hapa, basi mipango ya swala na ya chakula uipange kwa saa za huko.

MpwaniWaShangani

Ahsanteni sana, nimeshaanza kuchora. Sasa boti. Huku kwetu kusi likishika tunajua hakuna safari. Huko nitajuaje mapema? Na mnaposema kibandari, kina gati la maana au ni kushuka majini kama tunavyofanya huku?

NahodhaMikindani

Kushuka majini hapana, gati la maana pia hapana. Boti inasogeza pua kwenye mwamba au kwenye kijigati cha zege, wanatoa ubao, unapita mmoja mmoja mabaharia wawili wakikushika mkono. Ndiyo sababu kinachofuta safari ni mawimbi zaidi ya upepo wenyewe. Upepo unaweza kuwa umeshatulia, anga limetakata, lakini mawimbi marefu ya jana bado yanakuja, ubao unapanda na kushuka nusu mita, na nahodha hawezi kumteremsha mtu. Watalii wanalalamika kwamba bahari mbona shwari. Wewe wa pwani utaelewa.

Upepo wao mbaya unaitwa libeccio, unatoka kusini-magharibi. Pwani ile inautazama uso kwa uso, haina kisiwa mbele wala mwamba wa matumbawe wa kuvunja mawimbi, tofauti na ghuba yetu ya Mikindani iliyojificha mdomoni mwake. Usiku wa Jumamosi fungua utabiri wowote wa bahari, angalia mambo mawili: upepo unatoka wapi, na kimo cha mawimbi. Ukiona kusini-magharibi na mawimbi ya mita moja kwenda juu, panga siku yako kwa treni. Na usinunue tiketi ya boti ya siku nzima mapema, nunua kwenye kibanda asubuhi baada ya kuona boti ya kwanza imefika. Boti zinafanya kazi kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na zinasimama Riomaggiore, Manarola, Vernazza na Monterosso.

Kitu kingine kitakachokushangaza: maji hayapwi. Huku bamvua inaondoa zaidi ya mita tatu za maji na ngalawa zinabaki zimelala mchangani. Huko tofauti ya kupwa na kujaa haifiki nusu mita, mstari wa maji uko palepale mchana kutwa. Ndiyo maana nyumba zao ziko karibu na maji kiasi kile. Ila hawana ufuko wa kuvutia chombo wala hori ya kukificha, kwa hiyo Manarola mashua zinanyanyuliwa kwa winchi, zinapandishwa juu na kuegeshwa kwenye barabara ya kijiji, mbele ya milango, kama sisi tunavyoegesha bodaboda. Bahari ikitangazwa kuchafuka utaona barabara nzima imejaa mashua. Hiyo ndiyo taarifa yako ya hali ya hewa, bure.

Kuogelea: Mei maji yana nyuzi 17 au 18. Kwa ngozi ya Mtwara hiyo ni barafu. Ufuko wa mchanga wa maana uko Monterosso peke yake, na sehemu kubwa imekodishwa kwa miavuli na viti vya kulipia.

DagaaMchele_Lindi

Nimeona hakuna aliyejibu chakula, na hapo ndipo kijana anaweza kulala njaa au kula asichotaka.

Samaki wa pale ni dagaa, naam, ndugu wa karibu wa dagaa mchele wetu ila wakubwa kidogo, wanaitwa acciughe, tamka achuge. Wanavuliwa usiku kwa taa na nyavu za kuzungushia, giza la mwezi, kama wavuvi wetu tu. Tofauti ni baada ya kufika nchi kavu. Sisi tunachemsha na kuanika. Wao wanatoa kichwa na utumbo kwa vidole, wanapanga dagaa tabaka moja chumvi ya mawe tabaka moja ndani ya mtungi wa kioo au pipa, juu wanaweka kifuniko na jiwe zito. Chumvi inatoa maji, mafuta ya dagaa yanapanda juu, na hayo mafuta lazima yaenguliwe. Yakiachwa yanachacha na mtungi mzima unanuka. Jiwe likiwa jepesi, dagaa wa juu wanabaki nje ya maji ya chumvi wanaharibika. Msimu mkubwa ni Juni na Julai, lakini wa chumvi wapo mwaka mzima. Nunua kijichupa Monterosso, kinasafiri vizuri kikiwa kwenye begi kubwa, si la mkononi. Wakiwa wabichi utawapata wamekaangwa, wamelowekwa kwenye limau, au Vernazza wamepangwa sinia moja na viazi na nyanya wakaokwa, wanaita tegame.

Sasa tahadhari. Kome waliojazwa wa upande wa La Spezia, muscoli ripieni, kwa kawaida ndani mna mortadella, na hiyo ni nyama ya nguruwe. Kwa jina utadhani ni chakula cha baharini tupu. Mchuzi wa kome na samaki wengi unapikwa na divai nyeupe. Uliza "senza vino?", bila divai. Focaccia, mkate wao bapa wa mafuta, asili yake ni mafuta ya zeituni, lakini maduka mengine hutia strutto, yaani mafuta ya nguruwe. Uliza "senza strutto?" kabla hujalipa.

Cha kukutoa wasiwasi ni farinata: unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni, chumvi, basi. Unamiminwa kwenye sinia pana la shaba na kuokwa kwenye tanuri kali hadi juu iwe na ukoko. Unashibisha na ni rahisi. Unaliwa wa moto, ukipoa unakuwa mzito kama ugali wa jana. Pesto nayo ni mrehani, ule ule wa akina mama, umepondwa na kitunguu saumu, mbegu za msonobari, jibini na mafuta ya zeituni. Kwa vitafunio vya kutembea navyo kuna koni ya karatasi ya samaki waliokaangwa. Taja ngisi na dagaa, utaelewana nao.

Maji usinunue kila kituo. Vijijini kuna mabomba ya maji ya kunywa, jaza chupa.

Jirani_wa_Ligula

Napingana kidogo na Baharia kuhusu Levanto. La Spezia ina nyumba za wageni nyingi na bei ya chini, ni mji mkubwa, na stesheni yao kuu ina mahali pa kuweka mizigo. Kama unajali mfuko, lala La Spezia.

Baharia_Mstaafu

Kwa anayetokea Florence au Pisa, kweli. Huyu anatokea Genova na anarudi Genova. Akilala La Spezia anapitia vijiji vyote na begi, halafu Jumapili jioni anavipitia tena akiwa amesimama kwenye behewa lililofurika. Levanto anashuka kabla ya msongamano na anaondokea hapohapo. Tofauti ya bei ya usiku mmoja haifidii hilo.

MpwaniWaShangani

Nimekubali Levanto. La mwisho: mvua. Mei mvua zinakuwepo? Njia zinafungwa?

Baharia_Mstaafu

Mei mvua huja na kupita, kipindi kibaya ni vuli, Oktoba na Novemba. Mkoa wa Liguria, vilimo vijiji hivyo, hutoa tahadhari za hali ya hewa kwa rangi. Ikiwa ya chungwa au nyekundu njia za mguu zinafungwa hata kama kwa macho yako jua linawaka. Usiruke kamba. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua ya saa chache ilishusha mlima ndani ya Vernazza na Monterosso, tope likajaa hadi ghorofa za chini za nyumba, watu wakafa.

Sababu yake utaiona kwa macho ukitembea. Milima yote imekatwa matuta, na kila tuta limeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa makavu, bila saruji wala chokaa. Ukuta wa namna hiyo unapitisha maji, ndiyo uimara wake, lakini unataka mtu wa kurudishia jiwe kila linapotoka. Watu wanasema vijiji vya wavuvi, mimi nasema nusu yake ni vya wakulima wa zabibu, na Corniglia ni ya wakulima karibu yote. Vijana walipohamia mjini matuta yakaachwa, kuta zikabomoka, maji yakapata njia moja kubwa badala ya elfu ndogo. Ukipita jaribu kutofautisha tuta linalolimwa na lililoachwa. Lililoachwa utalijua kwa tumbo: ukuta umevimba katikati kabla ya kuanguka. Usiuegemee huo hata kwa picha.

NahodhaMikindani

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa bandari, zile rangi usiamini sana hadithi ya mvuvi aliyepaka nyumba yake aitambue akiwa baharini. Inauzwa vizuri kwa watalii. Angalia kitu kingine: nyumba zimesimama kama minara, nyembamba, ghorofa tatu nne, zimebanana bega kwa bega, na nyingi zina mlango wa chini upande wa bahari na mwingine wa juu upande wa mlima.

Hesabu_za_Korosho

Nyongeza ndogo kabla hujaondoka. Vernazza na Riomaggiore sehemu ya jukwaa iko ndani ya handaki. Treni ikisimama, behewa la mwisho linaweza kubaki gizani, watu wanadhani bado hawajafika, mlango unafungwa, wanapelekwa kijiji kinachofuata. Kaa behewa la katikati, hesabu vituo mwenyewe, na mlango usipofunguka wenyewe bonyeza kitufe.